Mhariri, habari haikuwa mafuvu, ilikuwa pini za nywele

Mhariri,

Nimesoma ile stori yenu ya mifupa ya kale kule China, ile mliyoipa kichwa kikubwa ati Wachina wa zamani walikuwa wakinywea mafuvu ya watu, na nilipoimaliza nikairudia kutoka juu, kwa sababu mifupa ndiyo ugali wangu. Mimi ni fundi wa jua kali hapa Kibera, tunanunua mifupa ya ng'ombe kwa wachinjaji, tunaichemsha, tunaikata, tunatoa hereni, bangili, vijiko, shanga. Kwa hivyo nikiona neno mfupa kwa gazeti siwezi kulipita hivi hivi. Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua kwa sababu mmekamata kile kidogo cha kutisha mkaacha kikubwa chote, na msomaji amebaki akidhani hao watu walikuwa washenzi wa mafuvu na hakuna kingine.

Tuanze na Liangzhu yenyewe maana ndiyo mliiandika. Huo ni mji wa kale karibu na Hangzhou, mashariki ya China, watu wa mpunga na maji, ulistawi kuanzia kama miaka 5,300 iliyopita mpaka kama 4,300 iliyopita. Ulikuwa na ukuta mkubwa wa udongo, ndani yake eneo la karibu hekta 300, mifereji ya kupitisha mitumbwi, na nje huko mabwawa ya kuzuia mafuriko, kazi ya maelfu ya watu, na UNESCO waliuingiza kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019. Sasa ni ndani ya hiyo mifereji na mitaro ndiko walitoa mifupa ya watu, 183 kwa huo utafiti wa 2025, na kati ya hiyo ni 52 ndiyo imeguswa na fundi, yaani imekatwa, imepasuliwa ama imesuguliwa. Kuna mafuvu yaliyokatwa yakawa kama bakuli, kuna nyuso za mafuvu zilizotengwa zikawa kama barakoa, kuna taya zilizosuguliwa chini zikawa bapa, na kuna mifupa ya mikono na miguu.

Nyinyi mmeandika kana kwamba watu walikuwa wakichinjwa ili wageuzwe vyombo. Hapo mmewasingizia. Wataalamu walioichunguza hawakuona alama za kupigwa wala za kuchanwa viungo, inaonekana mifupa ilichukuliwa baada ya mwili kuoza wenyewe, na hiyo ni tofauti kubwa sana jameni, huyo ni maiti ametumiwa, si mtu ameuliwa. Halafu nyingi ya hiyo mifupa haikumalizwa. Ilianzwa, ikaachwa katikati, ikatupwa mtaroni pamoja na takataka zingine. Watafiti wanasoma hapo kwamba hao watu hawakuwa na heshima nyingi kwa hiyo mifupa, na kwamba haikuwa adimu kwao. Mimi nakubaliana nao nusu. Kwa sababu mtu akija kuchimba mahali tunamwaga uchafu wetu hatapata hereni hata moja nzuri, atapata vipande vilivyopasuka vibaya, vilivyotobolewa pembeni, vya mwanafunzi aliyekuwa anajifunza, maana kilichomalizika kimeenda na mwenyewe. Kwa hivyo vitu visivyomalizika kwa mtaro vinaniambia hapo karibu kulikuwa na mtu anafanya kazi, lakini vile vizuri vilithaminiwa kiasi gani hiyo mitaro peke yake haiwezi kusema. Na kweli mabakuli ya mafuvu yameshapatikana kwa makaburi ya wakubwa wa Liangzhu, so kuna waliovithamini.

Lakini ile hoja yao kubwa naona ina mashiko na ndiyo mngeiweka kwa kichwa cha habari. Wanauliza, mbona jambo hili linatokea wakati huu na mahali hapa? Kabla ya hapo watu wa eneo hilo waliishi vijiji vidogo, marehemu ni babu yako ama jirani yako, unamjua jina, huwezi kuchukua fuvu lake ukaliweka kwa goti ukaanza kulikata. Mji ukishakuwa mkubwa, wanaingia watu wa huku na huku, wanakufa watu ambao hakuna anayewajua, na mfupa wa mtu usiyemjua ni rahisi kugeuka kuwa kitu tu, kama kuni. Hiyo ni maelezo, si ushahidi wa mahakama, lakini mtu yeyote aliyekaa Nairobi anajua wanachosema.

Na kama ni mifupa ya binadamu mnaitaka, basi mngeenda Zhengzhou. Huko ndiko kuna jambo zito na hamkuligusa hata kwa sentensi moja. Zhengzhou ni mji wa mwanzo wa Shang, ule ukoo wa wafalme wa kale wa China, uko katikati ya nchi karibu na Mto Manjano, miaka kama 3,500 iliyopita, ukuta wake unazunguka karibu kilomita 7. Kaskazini nje ya ukuta, mahali panaitwa Zijingshan, walipata karakana ya mifupa, vipande zaidi ya 1,000 vya bidhaa, malighafi na mabaki, na karibu nusu ya mifupa hiyo ilikuwa ya watu. Ndani ya mji tena, sehemu ya majumba ya wakubwa, kuna mtaro uliopatikana na mafuvu karibu 100, mengi yamekatwa kwa msumeno usawa wa juu ya macho na masikio, mistari inaonekana. Hapo sasa si mifupa imeokotwa ikaachwa nusu, hapo ni kazi inaendelea, mfupa wa mtu na wa ng'ombe vimelala kwa benchi moja vikisubiri msumeno uleule. Hiyo inanisumbua kuliko Liangzhu yote.

Halafu ndio inakuja sehemu ambayo imenifanya nichukue simu niandike barua hii ndefu. Miaka kama 200 baadaye hao hao watu wa Shang wana mji mkuu mwingine, Anyang, ule unaitwa Yinxu, ambapo wafalme wao wa mwisho walikaa kuanzia kama 1250 KK mpaka walipopinduliwa na ukoo mwingine wa wafalme, Zhou, kama 1046 KK. Na Anyang ndiyo mahali watu wanaochinjwa kama kafara ni wengi kupita kiasi, kwenye makaburi ya wafalme kuna mashimo zaidi ya 1,000 ya kafara, na maandishi yao wenyewe yanataja maelfu ya watu. Kwa hivyo kama shida ilikuwa ni kupata mifupa ya binadamu, walikuwa nayo tele. Lakini ukienda kwa karakana za Anyang mfupa wa mtu huuoni ukifanya kazi hivyo. Unachoona ni ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe.

Kuna sehemu inaitwa Tiesanlu, kusini mwa huo mji wa kale, ilichimbwa 2002 na 2006. Walitoa hapo mabaki ya mifupa zaidi ya tani 30. Tani, mhariri, si kilo. Na hiyo ni sehemu tu ya eneo lenyewe kwa sababu juu yake kumejengwa. Wanaakiolojia akina Li Zhipeng na Roderick Campbell waliokaa na hayo mabaki wakiyapanga moja moja wanakadiria kwamba bidhaa zilizotoka hapo zinaweza kufika mamilioni. Na Tiesanlu si peke yake, kuna karakana zingine Anyang hiyo hiyo, Beixinzhuang na Dasikong, zilijulikana tangu mwisho wa miaka ya 1950 kuingia 1960.

Sasa ngoja niwaeleze kile wanachokiona kwa hayo mabaki maana hapa naweza kuongea bila woga. Takataka nyingi ni ncha za mifupa, yale mafundo ya kwenye viungo, yamekatwa safi kwa msumeno wa shaba. Na mfupa unaopendwa zaidi ni ule wa chini ya mguu, ule uko kati ya goti na kwato. Sisi hapa tunapigania mfupa uleule. Kwa nini? Kwanza hauna nyama, mwenye kuuza nyama haulilii, anauachilia kwa bei ya chini ama unaenda na miguu ya supu. Pili umenyooka kama rula. Tatu ukuta wake ni mnene na mgumu, ukiusugua unang'aa, na hauna vile vitundu vitundu kama sponji ambavyo viko kwa ncha, maana ncha haifai kitu, ukiisugua inamomonyoka na inatoa mafuta mpaka mwaka ujao. Kwa hivyo fundi anakata ncha ya juu, anakata ncha ya chini, anabaki na bomba, analipasua kwa urefu, anapata vijiti vinne vitano, anavichonga, anavisugua kwa jiwe la mchanga, anamaliza kwa kitu laini. Mtu wa Anyang alifanya hivyo miaka 3,200 iliyopita na mimi nafanya hivyo leo, tofauti yangu ni mashine ya kusugua na msasa wa dukani, na vumbi ni lile lile, na harufu ya mfupa ukikatwa mkavu hakuna dawa iliyowahi kuiondoa.

Na ukiangalia zile ncha za Tiesanlu, unaona mkato uko mahali pamoja, kila mfupa. Hiyo si kazi ya mtu anayejitengenezea kijiti chake jioni baada ya shamba. Hiyo ni oda. Kuna mtu anakata tu siku nzima, kuna mwingine anachonga, na mzigo wa mifupa unaletwa tayari umechaguliwa, kwa sababu katika hilo lundo aina ya mfupa ni zilezile chache, mbavu na uti wa mgongo na mengine mengi ya ng'ombe yamebaki kule alikochinjiwa. Wamepata hata mahali pengine Anyang, Huayuanzhuang, shimo lina vipande karibu 300,000 vya mifupa, karibu vyote vya ng'ombe, na hilo ni jalala la machinjio, si la karakana. Unaona jinsi mji umejipanga? Machinjio huku, karakana kule, na katikati kuna watu wanaobeba, na kuna mtu anahesabu.

Walikuwa wanatengeneza nini? Mishale ya mfupa ilikuwepo, sindano nene za kutobolea ngozi zilikuwepo, lakini kile kilichotawala ni pini za nywele. Vile vijiti virefu vya kushikilia nywele zilizofungwa juu, vya wanaume na wanawake, vingine vya kawaida kabisa, vingine kichwani vimechongwa ndege. Mamilioni ya pini za nywele. Hebu fikiria mfalme na wake zake wangevaa ngapi? Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, huyo alikuwa pia jenerali wa vita, kaburi lake lilipatikana 1976 halijaguswa na wezi, mama Zheng Zhenxiang ndiye aliongoza uchimbaji, walitoa vitu 1,928, vya shaba 468, vya jade 755, na ndani kuna pini za mfupa karibu 500. Mwanamke mwenye jade 755 bado alikuwa na pini 500 za mfupa wa mguu wa ng'ombe! Sasa hata tuseme kila mkubwa wa Anyang alikuwa na 500 kama yeye, bado hujamaliza mzigo wa Tiesanlu. Hizo pini zingine zilienda kwa watu wa kawaida, na kweli zinapatikana kwa makaburi madogo madogo, moja, mbili.

Hapo ndipo wasomi wanabishana na mimi nina upande wangu. Wa zamani walizoea kusema karakana zote za Shang ni mali ya mfalme, fundi ni kama mtumwa wa ikulu, kila kitu kinapanda kwenda juu. Inawezekana kwa shaba, maana shaba inataka madini kutoka mbali na tanuri kubwa na nguvu ya kuamrisha watu. Lakini pini za mfupa kwa mamilioni ni kitu cha kuuzwa ama kubadilishana, ni kitu cha kastoma. Hakuna ikulu inakaa ikigawia watu pini za nywele bure kwa vizazi. Mimi naamini mfalme alishikilia ng'ombe, kwa sababu kafara zake zilikula ng'ombe kwa mamia, na hao ng'ombe wakishakufa miguu yao ilikuwa mingi kuliko ikulu ingeweza kutumia, na fundi mjanja akaingia hapo.

Na huyo ng'ombe hebu mfuateni mwili mzima, ni stori peke yake. Nyama imeenda kwa kafara na kwa watu kula. Mguu umeenda Tiesanlu. Bega, ule mfupa bapa wa bega, umeenda kwa waganga wa mfalme, wanauchimba vishimo nyuma, wanauchoma na kitu cha moto, unapasuka, wanasoma mipasuko, halafu wanaandika swali na jibu hapo hapo, mvua itanyesha, twende vitani, mke wa mfalme atajifungua salama. Ndiyo maandishi ya kale zaidi ya Kichina tuliyonayo kwa wingi, vipande kama 150,000 vya mifupa na magamba ya kobe. Na dunia ilikaribia kuvipoteza, maana wakulima walikuwa wakiviokota na kuviuza kwa maduka ya dawa kama mifupa ya joka, inasagwa mtu anakunywa, mpaka 1899 msomi mmoja Wang Yirong akagundua hayo ni maandishi. Uchimbaji wa kitaalamu Anyang ulianza 1928. Kwa hivyo ng'ombe yule yule alitoa kafara, pini na kitabu, na hakuna ajabu kwamba miji yao ilikua pamoja naye, kwa sababu ng'ombe wa kufugwa si mnyama wa asili ya huko, alitoka pande za Asia Magharibi akaingia bonde la Mto Manjano kama miaka 4,500 iliyopita. Watu wa Liangzhu hawakuwa na mifugo kama hiyo, walikuwa na nguruwe na paa wa porini. Sisemi ndiyo maana wakachukua mifupa ya watu, lakini nikiwa fundi hilo ndilo swali la kwanza ningeuliza, malighafi ilitoka wapi.

Kitu kingine, kabla msomaji hajaniuliza kuhusu pembe za ndovu. Fu Hao alizikwa na vikombe vya pembe za ndovu vilivyopambwa kwa vijiwe vya feruzi, na mtu wa pwani atasema hizo ni zetu. Siyo. Wakati huo ndovu walikuwa wakiishi huko huko Henan, hali ya hewa ilikuwa ya joto kidogo, na wafalme waliwawinda. Pembe za kwetu zilianza kutajwa baadaye sana, al-Masudi aliandika karne ya 10 kwamba zinatoka nchi ya Zanj zinapitia Oman kwenda India na China.

Nyinyi pia hamkutaja Shimao, na Shimao ndiyo ingewapa picha nzuri ya gazeti. Huo ni mji wa mawe kule kaskazini mwa Shaanxi, hekta 400 na zaidi, miaka kama 4,300 mpaka 3,800 iliyopita, na pale kwenye ngome ya juu inayoitwa Huangchengtai walipata sindano za mfupa zaidi ya 10,000. Sindano! Ambaye hajawahi kutoboa tundu la sindano kwa mfupa hajui hiyo namba inamaanisha macho mangapi yaliharibika. Na hapo hapo wakapata vijiala vya muziki vya mfupa, vile unaviweka mdomoni unavipiga kwa kidole ama kwa kamba, vya zamani kuliko vyote vya aina hiyo vinavyojulikana. Baada ya Shang kuanguka kazi haikufa pia, kule Zhouyuan, kwa Wazhou waliowapindua, karakana ya Yuntang ilitoa tani 10 za mabaki, na bidhaa kubwa ilikuwa bado pini za nywele. Serikali imebadilika, pini zimebaki.

Najua mtaniambia pini haziuzi gazeti. Sawa, lakini kila mara mkiandika China ya kale ni mfalme, jade, shaba, na sasa mafuvu. Mafundi hawapo. Hawa watu wa tani 30 hawana jina hata moja lililobaki, hakuna aliyeandika swali la afya yao kwa bega la ng'ombe, na bado wao ndio tunajua kwa uhakika walishika nini mkononi na walikata wapi. Mkiweka stori nyingine ombeni picha za zile ncha zilizokatwa, muweke picha kubwa, mafundi wa hapa Kibera wataelewa bila hata kusoma maneno.

Na jambo la mwisho ni la marekebisho tu. Ile picha mliyoweka chini ya kichwa cha habari cha Liangzhu, lile sufuria kubwa la pembe nne lenye miguu minne, hilo ni la shaba, lilitoka Anyang mwaka 1939, lina uzito wa kilo 832 na zaidi, na liko Beijing kwa Makumbusho ya Taifa. Watu wa Liangzhu hawakuwa wakifua shaba. Kati yao na hilo sufuria kuna zaidi ya miaka 1,000, kwa hivyo tafadhali wekeni sahihisho.

Fundi wa mifupa,
Kibera, Nairobi